Mchujo wa hoki: kuipanga timu dhidi ya mpinzani yuleyule, hatua kwa hatua

Kijana mmoja anayefundisha hoki katika shule ya huko Kisauni alinitafuta mchujo ulipokaribia. Timu yake ilipangiwa mpinzani mmoja, mechi tatu, wa kushinda mbili apite. Alikuja na daftari lililojaa mazoezi ya kushambulia. Nilimwomba aliweke kando kwanza tuzungumze kuhusu kona fupi, ile adhabu ambayo mshambuliaji mmoja hutoa mpira kwenye mstari wa nyuma, mwenzake akausimamisha, na mwingine akapiga langoni. Haya ndiyo tuliyoyapanga, na nimeyaandika kwa ajili ya kocha yeyote wa Mombasa mwenye mechi kama hizo mbele yake.

Sababu ya kuanzia hapo ni hii. Mchujo mara nyingi huamuliwa kwa bao moja. Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona mwaka 1971, ilifungwa na Uhispania 1-0, kisha ikaikosa nafasi ya tatu kwa kufungwa na India 2-1. Timu mbili zinazojuana zinapokutana mara ya pili na ya tatu, nafasi za wazi hupungua, kwa kuwa kila mmoja ameshajua mwenzake anapitia wapi. Kinachobaki ni kona fupi. Anayezizuia vizuri hubaki hai hata siku ambayo washambuliaji wake hawaoni lango.

Hatua ya 1: Weka mtu nyuma ya lango

Katika mechi ya kwanza, mpe mchezaji wa akiba au mwalimu mwenzako daftari na kalamu, akae nyuma ya lango lenu, mbali kidogo na wavu. Kila kona fupi ya mpinzani aandike: nani ametoa mpira kwenye mstari wa nyuma, umesimamishwa wapi, nani amepiga na kwa namba gani ya jezi, na je, alipiga kwa kishindo, aliburuza na kurusha, au alimpasia mwenzake.

Watu wengi siku hizi wanataka kurekodi kwa simu. Mimi kwa kazi hii naamini daftari. Simu iliyoshikwa pembeni mwa uwanja huufuata mpira, na wakati huo wakimbiaji wako, yaani walinzi wanaotoka langoni kumkabili mpigaji, wameshatoka kwenye picha. Aliye nyuma ya lango anaiona mistari yote miwili kwa pamoja: njia ya mpira na njia ya mkimbiaji.

Hatua ya 2: Badilisha jambo moja tu

Kati ya mechi na mechi, badilisha jambo moja. Ukibadilisha matatu hutajua lipi limefanya kazi, na wachezaji wataingia wakiwa na maswali vichwani.

Hatua ya 3: Kona fupi

Hapa ndipo tulipomalizia karibu muda wote wa mazoezi, na hapa usiwe na haraka.

Mnazuia mkiwa watano, kipa akiwemo, nyuma ya mstari wa lango. Wengine wako ng'ambo ya mstari wa katikati na hawawezi kukusaidia kwa wakati. Kwa hiyo kila mmoja wa wale wanne lazima awe na kazi moja inayojulikana. Tulikaa kwenye kibanda cha chai Mwembe Tayari, tukapanga vizibo vya soda juu ya meza: kizibo chekundu mpigaji, cheusi msimamishaji, vinne vya kijani walinzi wetu. Nilimwambia asogeze kijani kimoja kimoja na kila mara aseme kwa sauti, "Huyu anamfuata nani?" Palipokosekana jibu ndipo palipokuwa na shimo.

Mpangilio ninaoupenda ni mmoja kukimbia na watatu kubaki. Mkimbiaji wa kwanza anatoka moja kwa moja kumkabili mpigaji. Wa pili anatoka hatua chache na kuziba upande wa mtoaji, kwa maana pasi nyingi za ujanja hurudi kwake. Wa tatu anakaa mbele ya kipa, upande wa mbali, kuokota mipira inayorudi. Wa nne analinda mlingoti. Kuna makocha wanaotuma wawili kukimbia. Inawezekana, ila ukituma wawili umeacha wawili tu wa kusafisha mpira aliouzuia kipa, na mabao mengi ya kona fupi hutoka kwenye mpira huo wa pili.

Sasa jambo linalosumbua zaidi: makubaliano ya mkimbiaji na kipa. Mkimbiaji asikimbilie kifua cha mpigaji. Akimbilie gongo lake, gongo la kwake likiwa chini ardhini, ili aufunge upande mmoja wa lango. Upande unaobaki ni wa kipa. Wakubaliane kabla: "Mimi nafunga upande wa mtoaji, wewe chukua wa mbali." Asipofuata njia hiyo, anakuwa pazia mbele ya macho ya kipa, na mpira unatokea miguuni mwake ghafla. Kijana wa Kisauni alidhani kipa wake ni mzito. Tulipomwelekeza mkimbiaji atoke kwa pembe sahihi, kipa yuleyule alianza kuokoa.

Jambo la pili ni aina ya shuti, na ndiyo maana lile daftari la nyuma ya lango ni muhimu. Kanuni inasema shuti la kwanza likiwa la kupiga kwa kishindo, halihesabiwi kuwa bao mpaka livuke mstari likiwa halijapita urefu wa ubao wa lango, sentimita 46. Mpira wa kuburuza na kurusha, ule wanaouita dragi fliki, hauna kizuizi hicho: unaweza kuingia kona ya juu. Basi kama mpinzani wako hupiga tu, kipa ana haki ya kulala ubavu na kuziba chini kote. Kama ana mtu wa dragi fliki, kipa asimame, mikono tayari, na mlinzi wa mlingoti awe na gongo juu kidogo. Lango lina upana wa mita 3.66 na urefu wa mita 2.14. Kipa asiyejua kinachokuja hawezi kulijaza.

Angalizo la uwanja. Sisi wengi huku Pwani tunafanyia mazoezi kwenye nyasi za kawaida, wakati mwingine zenye mchanga. Hapo mpira unarukaruka, msimamishaji anahangaika, na mkimbiaji anapata nusu sekunde ya bure. Ukienda kucheza kwenye nyasi bandia, nusu sekunde hiyo haipo. Mpira unafika umetulia na shuti linatoka mapema. Kabla ya safari, wafanyishe wakimbiaji mazoezi kwenye sakafu ya saruji au uwanja wa mpira wa kikapu, mpira ukitolewa kwa kasi, ili macho yao yazoee.

Angalizo la kuanza mapema. Hakuna mlinzi anayeruhusiwa kuvuka mstari kabla mpira haujatolewa. Akivuka, anapelekwa ng'ambo ya katikati na hakuna wa kuchukua nafasi yake, mnabaki pungufu. Wafundishe waangalie mpira, wasiangalie mkono wa mtoaji wala bega lake. Mazoezini, mtoaji akae muda tofauti kila mara kabla ya kutoa. Kijana mwenye pupa atatoka mapema mara nyingi siku ya kwanza. Mrudishe tu mstarini mwanzo tena.

Angalizo la usalama, na hili halina mjadala kwangu: asiye na barakoa ya uso, glovu na kinga za miguu hakimbii. Hawa ni watoto wa watu. Sheria nayo ijulikane: mkimbiaji akiwa ndani ya mita 5 za shuti la kwanza akapigwa chini ya goti, wapinzani wanapewa kona fupi nyingine. Akipigwa kwenye goti au juu yake akiwa amesimama kawaida, shuti linahesabiwa la hatari na mpira unakuwa wenu. Muda husimamishwa sekunde 40 kona inapotolewa. Barakoa ziwekwe tayari nyuma ya lango, wala zisiwe kwenye begi benchi, ili sekunde hizo zitumike kuzungumza na kipa.

Hatua ya 4: Jedwali la kubadilisha wachezaji

Mchujo ukiangukia Machi, joto la Mombasa na unyevu wake halimsamehe mtu. Robo moja ni dakika 15 na mabadiliko hayana kikomo, kwa hiyo washambuliaji watoke kila baada ya dakika 5 au 6, wanywe maji, warudi. Madafu yasubiri baada ya mechi.

Lakini kuna mtego, na ndio uliotufanya tuandike jedwali upya mara kadhaa. Kona fupi ikishatolewa, huruhusiwi kubadilisha mchezaji mpaka iishe, isipokuwa kwa kipa wa timu inayozuia akiumia au akisimamishwa. Mkimbiaji wako bora akiwa benchi anakunywa maji wakati refa anaonyesha kona, ameshakosa. Kwa hiyo jedwali lianze na kona fupi ndipo lifuate uchovu: andaa wakimbiaji wawili wa kwanza na walinzi wawili wa mlingoti, na kamwe wasitoke wote wa jozi moja kwa wakati mmoja. Liandike kwenye kadi ngumu, mkabidhi mtu mmoja wa benchi, na wewe usimwingilie katikati ya robo.

Hatua ya 5: Kadi

Kijani ni dakika 2 nje, njano si chini ya 5. Amua mapema nani anashika nafasi ya nani kwenye kona fupi, iwapo aliyetolewa ni mmoja wa wale wanne. Bado mna haki ya kuzuia mkiwa watano.

Hatua ya 6: Sare

Kama mechi ya mwisho itaamuliwa kwa mapambano ya mchezaji na kipa, kila mmoja ana sekunde 8 kuanzia mstari wa mita 23. Chagua watano kwa kuangalia nani anatulia akiwa amechoka, kwa hiyo zoezi hili lifanywe mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa mizito. Kipa atoke kwa kasi, kisha asimame wima kadiri awezavyo. Akilala mapema amempa mshambuliaji njia ya pembeni. Mtu mmoja wa benchi ahesabu sekunde kwa sauti katika kila zoezi, mpaka wachezaji waijue sekunde ya 6 bila kuambiwa. Majina matano yaandikwe nyuma ya ileile kadi ya mabadiliko, na la sita chini yake, iwapo mmoja ataumia au atakuwa na kadi.