Namna ya kuanzisha kikundi cha mabinti dhidi ya dhuluma za kijinsia kijijini

Mombasa si Mji wa Kale na feri peke yake. Kuna Mwakirunge, huko Kisauni ya mashambani, ambako kesi nyingi huishia chini ya mwembe kwa mbuzi na faini. Kama wataka kuanzisha kikundi sehemu kama hiyo, anza kwa kuwafundisha mabinti njia ya kesi, kuanzia nyumbani hadi mahakamani. Hotuba za barazani zitakuja zenyewe.

Hatua ya 1: Wakusanye

Usichukue waliomaliza fomu foo tu. Mtafute aliyeacha shule kwa mimba, asiyesikia, anayetembelea magongo, na yule msichana wa kazi wa nyumba ya jirani. Mwulize kila mmoja saa yake: madrasa, kuteka maji, kunyonyesha. Kikao kiishe jua likiwa bado juu. Mpashe habari chifu na mzee wa mtaa mapema, na mwombe mama mmoja anayeheshimika awe mlezi.

Hatua ya 2: Saa 72 za kwanza

Hapa kaa sana, mpaka kila binti aweze kueleza bila karatasi.

Aliyebakwa apelekwe hospitali haraka iwezekanavyo, hata kama bado hajaripoti polisi. Asioge, asifue. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwa leso safi. Ndani ya plastiki hushika unyevu na ushahidi ukaharibika. Dawa za kuzuia HIV huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nafuu. Za kuzuia mimba huweza kutolewa hadi saa 120. Hospitalini hujazwa fomu ya PRC, yaani fomu ya matibabu ya aliyebakwa. Polisi, kwenye dawati la jinsia, hutoa P3, fomu ya polisi ya kueleza majeraha, kisha daktari huijaza. Fomu hizi haziuzwi. Anayedai pesa aulizwe risiti, uone atakavyobadilika uso. Hospitali ya Coast General, Mombasa, kuna kituo maalumu cha manusura. Simu za bure ni 1195 kwa dhuluma za kijinsia, na 116 kwa mambo ya watoto.

Hatua ya 3: Igizeni kikao cha ukoo

Mmoja awe mjomba, mwingine mama wa mtoto. Mjomba aseme kama wasemavyo kweli: "Haya ni ya nyumbani, tuyamalize hapa hapa, tusivunje undugu." Binti ajibu bila kupandisha sauti: "Shikamoo mjomba. Undugu twautaka sote. Lakini mtoto ameumizwa, na gari la hospitali liko nje. Mama, twende."

Rudieni mpaka asitetemeke. Ajue pia kilicho nyuma yake: chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, wazee wala wazazi hawana uwezo wa kuifuta kesi, uamuzi huo ni wa serikali. Na kwa mke anayepigwa, sheria ya mwaka 2015 ya ulinzi dhidi ya dhuluma za nyumbani inamruhusu kuomba mahakama itoe amri ya ulinzi. Ukiyasema haya kwa adabu, hata mzee mkali hutulia.

Hatua ya 4: Nauli na wavulana

Wekeni kisanduku, kila kikao mtu atie alichonacho. Pesa hiyo ni ya nauli ya dharura, basi, isikopwe. Patana mapema na vijana wa boda waaminifu watakaoamka usiku. Vijana hao wape mafunzo yale yale ya hatua ya 2, kwani mara nyingi wao ndio wa kwanza kumwona aliyeumizwa.

Hatua ya 5: Siri

Jina la manusura lisiandikwe kwenye daftari la kikundi wala kutajwa WhatsApp. Andikeni tarehe na alipopelekwa tu. Binti asihoji, asichunguze, wala asimkabili mshukiwa. Kazi yake ni kumsindikiza manusura na kuhakikisha amehudumiwa. Mkiona hatari inamfuata yeye mwenyewe, mlezi achukue nafasi yake.

Uenyekiti uzunguke kila baada ya miezi michache, na zamu ya kwanza ya kwenda kwa chifu apewe asiyezoea kusema, akiwa na mwenzake. Asiyesikia akishika kiti, kikao kiendeshwe kwa ishara na wengine ndio wajifunze.