Somo: Kusaka na kufuta vidakuzi vinavyokufuatilia (soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza)

Wiki hii nimeulizwa jambo hili karibu kila siku hapa saibani kwangu (duka la kompyuta na intaneti) mtaa wa Umoja, Nairobi, na usiku simu haitulii. Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

Kwanza mjue kwa nini nalishikilia. Mama mmoja wa mtaa huu alikaa mashine ya tatu akasoma kuhusu kisukari. Alipoondoka, akaketi mtu wa ploti yao. Kila ukurasa aliofungua ukamletea matangazo ya vipimo vya sukari, naye akauliza kwa sauti, "Nani alikuwa hapa?" Siri ya yule mama ilikuwa dhamana yangu, na sikuilinda.

Kidakuzi (cookie) ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyaacha ndani ya kivinjari chako, yaani programu unayofungulia tovuti, kama Chrome, Firefox au Safari. Lou Montulli wa kampuni ya vivinjari ya Netscape alivibuni mwaka 1994 ili tovuti ikukumbuke, na vingi bado vinafanya kazi hiyo njema. Tunaowindana nao ni vile vya kampuni za matangazo ambazo hukuwahi kuzitembelea, lakini zimejipachika kwenye kurasa unazozisoma.

1. Sasisha kivinjari.

2. Vione kwanza. Kwenye kompyuta fungua tovuti yoyote ya habari, bonyeza F12, ingia Application (kwenye Firefox ni Storage), kisha Cookies. Tazama safu ya anwani. Ukiona kidakuzi kiitwacho IDE cha doubleclick.net (anwani ya matangazo ya Google), huyo ni mgeni. Ila _ga na _fbp hukaa chini ya jina la tovuti yenyewe, ndiyo maana wengi huvipita. Cha kwanza ni cha Google Analytics, huduma ya kuhesabu wanaotembelea tovuti, cha pili ni cha Facebook. _ga huwekwa kidumu miaka 2, ingawa tangu 2022 Chrome haikubali kidakuzi kipite siku 400.

3. Futa kimoja kimoja. Andika chrome://settings/content/all kwenye upau wa anwani, tafuta jina la tovuti, bonyeza alama ya pipa la taka.

4. Kufuta vyote kwa mpigo. HAPA TULIA. Mimi, kwenye dirisha la kufuta data ya kuvinjari, niliweka alama kwenye kila kisanduku, na paswadi zikiwemo, nikachagua "muda wote". Akaunti yangu ilikuwa imeunganishwa na simu, kwa hiyo paswadi zikafutika na kwenye simu pia. Nilikaa siku tatu nikizirudisha, na akaunti moja sijaipata hadi leo. Weka alama kwenye vidakuzi na data ya tovuti TU. Halafu kuna hatari ambayo watu huisahau: ukishafuta, kila tovuti itakuona kama mgeni, na nyingi zitatuma namba ya uthibitisho kwa laini uliyojisajilia. Kama laini hiyo uliipoteza, badilisha namba kwenye akaunti zako KABLA ya kufuta. Na kama kuna fomu uliyoijaza nusu, imalize kwanza.

5. Ziba mlango. Kufuta bila kuzuia ni kutwanga maji kwenye kinu. Chrome: Mipangilio, Faragha na usalama, zuia vidakuzi vya washirika wengine, yaani vile vya wageni kama kampuni za matangazo. Google walitangaza 2020 kwamba wangeviondoa wenyewe, 2024 wakabadili nia, kwa hiyo usiwangoje. Safari huvizuia yenyewe tangu 2020. Kwa _ga na wenzake ongeza kiendelezi, yaani kiprogramu kidogo cha kuongezea kivinjari, cha kuzuia matangazo na wafuatiliaji: uBlock Origin kwenye Firefox, uBlock Origin Lite kwenye Chrome.

6. Funga kivinjari, fungua, rudia hatua ya 2 uhakikishe.

MASWALI

Baraka_254: Nimefuta na paswadi zimeenda! Mbona hukutuonya?
Jibu: Hatua ya 4. Nimeonya kwa herufi kubwa.

Kevo wa Donholm: Boss, nipe kwa ufupi, ni ndefu.
Jibu: Hatua ya 4 ndiyo imeirefusha, na siikati. Ukiwa na dakika kumi, rudi.

Baraka_254: Si VPN inatosha?
Jibu: Haitoshi. VPN huficha anwani yako ya intaneti. Kidakuzi kiko ndani ya kivinjari chako na kitasafiri nawe.

Nyambura_K: Mwalimu, nimefuata zote na nimehakikisha. Lakini viatu nilivyovitazama juzi bado vinanifuata kwenye simu. Vinanijuaje?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Njia ni kadhaa. Ukiwa umeingia kwenye akaunti, kumbukumbu ziko kwenye seva (kompyuta) za kampuni yenye akaunti hiyo, na kufuta kwako hakuzigusi. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti uzime matangazo yanayokulenga. Pili, simu ya Android ina kitambulisho cha matangazo ambacho programu hukisoma bila kidakuzi. Nenda Mipangilio, Google, Matangazo, ukifute. Tatu, ukubwa wa skrini, fonti na toleo la kivinjari vikijumlishwa hutengeneza kitu kama alama ya kidole. Hiyo haifutiki, Firefox hupunguza sehemu yake tu. Jaribu hizo mbili za kwanza, uniambie.

Nyambura_K: Nimefuta kitambulisho. Halafu nimeona bando langu linakaa zaidi tangu niweke uBlock kwenye Firefox ya simu. Ni kweli ama ni mawazo yangu?
Jibu: Ni kweli. Tangazo lililozuiwa halipakuliwi, hasa yale ya video. Chrome ya Android haipokei viendelezi, ndiyo maana nashauri Firefox kwa simu.

Mzee Mutiso: Kijana, mimi pia nina saiba, Machakos. Mashine kumi na mbili, nitafuta mpaka lini?
Jibu: Shikamoo mzee. Usifute kwa mkono. Kwenye Firefox, Faragha na usalama, weka alama pale pa kufuta vidakuzi kivinjari kinapofungwa. Kwenye Chrome wafungulie wateja dirisha la Mgeni. Likifungwa, data yao huondoka. Ila lazima lifungwe. Mimi hulifunga mwenyewe kabla sijapokea pesa ya mteja.

Mzee Mutiso: Na wakikataa nifunge, bado wana kazi?
Jibu: Waongezee dakika tano bure, mzee.