Jinsi ya kuwazungukia watu maarufu wa Darjeeling kwa miguu

Darjeeling ni mji wa milimani kule India. Usiende Alhamisi. Mimi nilikwenda Alhamisi, nikakwea kile kilima na goti langu bovu, nikakuta geti la chuo cha wapanda milima limefungwa. Bustani ya wanyama unayopitia kuingia chuoni hupumzika siku hiyo, na chuo nacho.

Nilianza kazi nikiwa mgumu, ndivyo tunavyoitwa sisi wabeba mizigo wa Kilimanjaro, kwa hiyo kwangu Darjeeling ni Tenzing Norgay kwanza, wengine baadaye. Naye alianza kwa kubebea wageni mizigo. Mwaka 1952 alipanda Everest na Waswisi, akafika karibu mita 8,600 akarudi. Mwaka uliofuata, Mei 29, akasimama kileleni na Edmund Hillary.

Kufika: shuka stesheni ya New Jalpaiguri, upande gari la jeep la kuchangia. Kama huna haraka, panda kile kitreni ambacho reli zake zimeachana sentimita 61 tu. Kinapita karibu na vibanda vya watu hadi unaona bei za vitunguu. Mji uko juu ya mita 2,000, beba sweta hata kama tambarare umeiacha ikichemka.

Asubuhi nenda chuoni. Ukifika kwenye sanamu ya Tenzing, shoka la barafu mkononi, usiishie kupiga picha. Hapo karibu ndipo mwili wake ulipochomwa mwaka 1986. Kisha ingia makumbusho, uangalie vifaa vya kupandia vya zamani. Mimi niliganda kwenye buti. Ukishawahi kulala na buti mbichi miguuni, utaelewa.

Ukitoka, teremkia barabara ya Lebong Cart. Kwenye makaburi ya zamani yuko Alexander Csoma de Kőrös, Mhungari aliyetoka kwao kutafuta asili ya watu wake, akaishia kutunga kamusi ya Kitibeti iliyochapishwa 1834. Alikuwa njiani kwenda Lhasa, mji mkuu wa Tibet, malaria ilipommaliza hapa, Aprili 1842. Malaria ya tambarare, si ya mlimani. Wageni wetu nao huumwa hivyohivyo, wakausingizia mlima.

Barabara hiyohiyo iko nyumba iitwayo Roy Villa. Sister Nivedita, mwanamke wa Ireland aliyemfuata mtawa wa Kihindu Swami Vivekananda, alifia humo mwaka 1911. Nyumba hiyohiyo ndimo chuo cha Tenzing kilipoanzia mwaka 1954, kabla hakijahamia kilimani. Wengi hupita bila kugeuza shingo.

Vivien Leigh, mwigizaji, alizaliwa mji huu mwaka 1913. Ukipenda sinema, haya.

Jioni rudi Chowrasta, uwanja wa katikati ya mji, ushuke kidogo hadi Step Aside, nyumba alimofia mwanasiasa Chittaranjan Das Juni 1925, siku chache baada ya Gandhi kuja kumjulia hali. Halafu endelea hadi Toong Soong, mtaa wa Masherpa, watu wa milima ya Himalaya, alikoishi Tenzing. Hapo kunja ramani, uombe chai. Mzee mmoja aliniuliza kwa ishara sisi hubeba kiasi gani. Nikamwonyesha vidole vya mikono yote, mara mbili. Akatikisa kichwa, akaniinulia kikapu chake cha kuni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, nijaribu. Nilipiga hatua nne.