Ukiitwa kongamano la walimu Unguja, usirudi Pemba na begi tu

Haya walimu wenzangu wa huku kwetu, barua ikifika skuli na jina lako limo, kabla hujauliza posho (najua utauliza tu, hata mie nauliza) uliza ratiba. Muombe mkuu wa skuli aipige picha akutumie wasap uisome kwa nafasi, mana mada zinakuwa nyingi na nyengine zinakwenda wakati mmoja vyumba tofauti, sasa ukifika hujui unachokitaka utaingia pale alipoingia shoga yako, basi.

Pia andika swali lako moja kabla hujaondoka, na liwe la darasani kwako. "Tutaboresha vipi elimu" hilo waachie wa meza kuu. Lako liwe kama hivi: nna watoto themanini darasa la tatu, vitabu havifiki ishirini, kusoma nawafundisha vipi? Swali la namna hii ukimuuliza mtu wakati wa chai anaweka kikombe chini anakujibu.

Safari ondoka siku moja kabla. Boti ya Mkoani nzuri lakini mkondo wa Nungwi wakati wa kusi haumjui ticha wala mkurugenzi, unashuka bandari ya Malindi, Unguja, hoi, asubuhi ile ile utasikiliza nini? Mwenye uwezo apande ndege pale Chake, kama nusu saa kashafika. Na kama ukumbi uko SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kule Tunguu jua kwamba si mjini pale, toka mapema. Ukifikia kwa jamaa waambie kabisa umekuja kikazi, la sivyo kila usiku utapelekwa Forodhani.

Sasa ukumbini. Sisi Wapemba tuna tabia tukionana tu tunajaza meza moja tunaanza habari za karafuu. Sambaa! Kaa na ticha wa Makunduchi, kaa na wa Tumbatu, huyo wa skuli yenu utarudi nae boti moja mtazungumza mpaka mchoke. Makongamano ya karibu na Siku ya Walimu Duniani, 5 Oktoba, hotuba ndo zinakuwa nyingi zaidi, vumilia, ya maana mara nyingi yako kwenye vyumba vidogo baadae.

Kuchagua chumba mie naangalia mtoa mada kabeba nini. Akiwa na laptop peke yake naingia kwa wasiwasi, akiwa na mfuko wa vifuniko vya soda au kokwa nakwenda kukaa mbele. Kuna mmoja hakubeba kitu ila chaki, na ndo sijamsahau mpaka leo. Kaingia, kaanza kufundisha sehemu, zile nusu na robo, kwa Kimakonde mwanzo mwisho. Walimu wazima na digrii zetu tunatazamana tu, mmoja kaitwa ubaoni kasimama anacheka cheka, mwengine nilokaa nae anakopi kila kilichoandikwa na hajui hata neno moja. Mwisho yule ticha akageuka akauliza kwa Kiswahili, nani hajafahamu? Hakunyanyua mkono mtu! Hata mimi. Hapo nikawaona watoto wangu wa darasa la tano, mana Sera ya Elimu ya 2006 ndo ilileta Kiingereza kwenye hisabati na sayansi kuanzia darasa hilo, na ukiwauliza mmefahamu wote wanajibu "yes ticha" na madaftari yamejaa.

Kwa hiyo penye chumba cha kufanyishwa kwa vitendo nenda, hata kama mada haina jina kubwa. Na kila mada ikiisha andika mstari mmoja kabla hujanyanyuka: darasa gani, somo gani, siku gani utalijaribu. Kupiga picha slaidi sikukatazi lakini wallahi huzifungui tena, zinakaa na picha za harusi mpaka simu inajaa.

Namba za simu chukua za walimu wa darasa unalofundisha wewe. Mkurugenzi hatokutumia mtihani wa majaribio, ticha wa Kaskazini B atakutumia, na usiku ule ule mpelekee voisi asije akakusahau.

Makaratasi: saini mahudhurio kila siku, weka tiketi na risiti, barua yako igongwe muhuri kabla hujatoka, na cheti soma jina lako hapo hapo mezani, mana likikosewa kulibadilisha ushavuka bahari ni kazi.

Ukirudi jaribu kwanza darasani kwako, halafu ndo omba robo saa uwaoneshe wenzako, na TC (kituo cha walimu) ya wilaya pia ikiwezekana. Usiwasomee ulichoandika, wafanyishe. Kile cha Kimakonde mie sikiwezi lugha yenyewe, nikamuomba mwalimu wetu wa Kifaransa afundishe robo na nusu kwa Kifaransa, ofisi nzima kimya, na ticha wa sayansi siku hizi anaanza kwa kuyaeleza maneno magumu kwa Kiswahili kwanza. Kama skuli yenu ina zamu mbili na kikao hakipatikani, zipo zile dakika wa asubuhi wanatoka wa mchana wanaingia, walimu wote wapo, tangaza tu kuna chai na vitumbua watakuja mpaka wa skuli ya jirani.