Kufunga LSD kwenye difu ya R200 ya Silvia: pima kabla hujafungua

Difu, yaani gia ya nyuma inayogawia tairi mbili nguvu ya injini, ikiwa ya kawaida hugawa toki (nguvu ya kuzungusha) sawa kwa sawa kushoto na kulia, na hapo ndipo ubovu wake ulipo. Gari likilala kwenye kona, tairi la nyuma la ndani hupungukiwa na uzito na kuanza kuteleza. Kwa kuwa linaloteleza halihitaji toki nyingi, lile la nje nalo haliongezewi. Injini inalia, gari haliendi. LSD, difu yenye kizuizi cha kuteleza, huzizuia ekseli mbili zisiachane mwendo ovyo, na tairi lenye mshiko linapata kazi ya kufanya.

Mwongozo huu unahusu Nissan Silvia na 180SX zenye difu ya R200, jina lililotokana na krauni yake (gia kubwa ya duara) ya takriban milimita 200. Krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) zinabaki zilezile, kwa hiyo uwiano wa difu haubadiliki na spidomita haidanganyi. Kinachobadilika ni kesi ya ndani inayobeba krauni. Kufungua na kufunga boliti si shida. Difu nyingi huanza kulia baada ya kazi hii kwa sababu shimu, zile pete nyembamba za kurekebisha nafasi, zilichanganyika mezani na fundi akakisia.

Aina ya LSD

Ya gia za helikali haina pleti za kuisha, haipigi kelele kwenye maegesho, na inatumia oili ya gia ya kawaida ya daraja la GL-5. Silvia S15 Spec-R ya gia sita ilitoka kiwandani nayo. Udhaifu wake ni mmoja: tairi likiinuka kabisa hewani, inarudi kuwa karibu sawa na difu ya kawaida.

Ya pleti hubana hata tairi moja likiwa hewani. Ya njia moja hubana ukikanyaga mafuta tu. Ya njia mbili hubana pia ukiachia. Ya moja na nusu hubana ukiachia, ila kwa nguvu ndogo. Kwa gari la barabarani linaloenda uwanja wa mbio mara mojamoja, helikali inatosha. Kwa drifti, chukua pleti ya njia mbili na uikubali kelele yake. Njia mbili kwenye gari la kwenda kazini ni kujitesa: gari linagoma kuingia kona, na kila ukigeuza kwenye maegesho tairi la ndani linaburuzwa.

Kabla ya kulipa

Pima kipenyo cha boliti za krauni yako. Zipo za mm 10 na za mm 12, na kesi unayonunua lazima ilingane. Angalia pia stabu, vile vipande vya mhimili vinavyoingia kwenye difu kutoka kila upande. Kama gari lilikuwa na LSD ya viskasi (inayobana kwa majimaji mazito), stabu zake mara nyingi haziingii kwenye LSD ya pleti, utahitaji za difu ya kawaida. Soma karatasi ya mtengenezaji kwenye hili, usimsikilize muuzaji.

Utahitaji:
- beringi mbili mpya za pembeni
- oili sili mbili za pembeni
- boliti mpya za krauni na gundi ya nyuzi za boliti
- silikoni ya gasketi inayovumilia oili ya gia
- lita 4 za oili: nusu ya kuzoezea pleti, nusu ya kubaki
- shimu za akiba, zinazopishana kwa mm 0.05
- dayo geji (ile saa ndogo ya mshale) yenye kishikio cha sumaku, maikromita, na spana mbili za toki: kubwa, na ndogo ya mshale inayosoma chini ya Nm 5
- rangi ya kupaka meno ya gia

1. Shusha difu

Gari likae juu ya stendi nne kwenye sakafu ngumu. Fungua kwanza tundu la kujazia oili, ndipo umwage. Ukimwaga kwanza kisha tundu la juu likagoma, umebaki na gari lisiloweza kusogea. Kwenye R200 nyingi tundu ni la mraba, kichwa cha racheti ya nusu inchi kinaingia chenyewe.

Piga alama ya rangi kwenye flenji ya propela na ya difu, ili zirudi zilivyokuwa. Zikikosana unaweza kupata mtetemo ambao utautafuta mwezi mzima. Toa propela, saidi shafti, nati mbili za kifuniko cha nyuma na boliti za mbele. Difu ni nzito, ishushe kwa jeki ya giaboksi au watu wawili. Usiipokee kifuani.

2. Pima ikiwa bado nzima

Hatua hii ndiyo inayorukwa. Toa kifuniko, futa oili yote, simamisha dayo geji kwenye jino la krauni. Shika pinioni isisogee, tikisa krauni, soma mchezo wa meno (nafasi iliyopo kati yao). Rudia sehemu nne za mduara. R200 hutakiwa kuwa na mm 0.10 hadi 0.15. Kisha zungusha pinioni kwa spana ndogo ya toki na uandike mkazo wa jumla, yaani nguvu inayohitajika kuizungusha. Kawaida yake ni Nm 1.2 hadi 2.3. Mwisho paka rangi meno matatu au manne, zungusha huku krauni imebanwa kwa kipande cha mti, na upige picha ya alama.

Picha hiyo ndiyo ramani yako. Kama difu ilikuwa kimya barabarani, alama hizo ndizo unazozitafuta tena.

3. Toa kesi

Ng'oa stabu kwa nyenzo mbili, moja kila upande wa flenji. Piga nukta kwa senta panchi: moja kwenye kofia ya beringi ya kushoto na kwenye hauzingi mkabala nayo, mbili upande wa kulia. Kofia hizi zilichongwa zikiwa zimefungwa mahali pake, na ukizibadilisha upande beringi haitakaa duara.

Inua kesi kwa mipini ya mbao. Shimu ya kushoto iingie mfuko wake, ya kulia wake, na kila moja ipimwe kwa maikromita na kuandikwa. Nati ya pinioni usiiguse. Kimo cha pinioni kimeshawekwa, na ukiilegeza umejianzishia kazi nyingine kubwa kuliko hii.

4. Hamisha krauni

Legeza boliti kwa msalaba, kisha gonga krauni kwa kipande cha shaba, kidogo kidogo kuzunguka mduara. Safisha uso wake wa nyuma kwa jiwe laini la mafuta. Chembe ya chuma ya sehemu ya kumi ya milimita ikibaki pale, krauni itayumba na difu italia hata uweke shimu gani.

Chemsha maji, tumbukiza krauni dakika kama kumi, ikaushe haraka na uivalishe kwenye kesi mpya. Itateleza yenyewe. Ukiivuta kwa boliti ikiwa baridi, nyuzi zinaumia na krauni inakaa upande. Ikipoa, chukua boliti mpya moja moja, safisha nyuzi kwa breki klina, tia gundi, kaza kwa msalaba kwa awamu tatu. Za mm 12 huishia Nm 132 hadi 152. Gundi ikiwekwa juu ya oili haishiki, na boliti moja iliyolegea ndani ya difu inatosha kupasua hauzingi.

Beringi mpya ziingie kwa presi, ukisukuma pete ya ndani tu.

5. Shimu

Rudisha kesi na shimu za zamani, kofia kwenye pande zake, boliti za kofia Nm 88 hadi 98. Kwanza pima kuyumba kwa mgongo wa krauni: kukizidi mm 0.05, rudi hatua ya 4. Kisha pima mchezo wa meno. Kesi mpya ni nadra kulingana na ya zamani kabisa, kwa hiyo usishangae.

Tuseme umepata mm 0.23 na unataka 0.13. Ukihamisha shimu, mchezo wa meno hubadilika kwa karibu asilimia 70 ya unene uliouhamisha. Kupunguza 0.10 kunahitaji kama 0.14, yaani chukua 0.15. Ongeza 0.15 upande wa mgongo wa krauni na upunguze 0.15 upande wa pili. Krauni inasogelea pinioni, na kwa kuwa jumla ya shimu haijabadilika, mkazo wa beringi unabaki palepale. Ukiongeza upande mmoja bila kupunguza mwingine umeongeza mkazo, na beringi itaungua.

Mkazo ukiwa mdogo, ongeza unene sawa pande zote mbili. Shimu ya mwisho itaingia kwa kugongwa taratibu na nyundo ya plastiki. Ikiingia kwa vidole, bado ni nyembamba.

Paka rangi upya. Alama ikae katikati ya jino, ikivutwa kidogo upande wa ncha ya ndani, na ifanane na picha yako.

6. Funga

Kama ni LSD ya pleti, mimina oili juu ya pleti na zungusha kesi kwa mkono hadi ilowe. Pleti kavu hukwanguana dakika ya kwanza. Oili sili mpya zipakwe grisi mdomoni. Stabu ziingie hadi usikie klipu ikishika, kisha zivute kwa nguvu: isiyoshika itatoka barabarani na oili yote. Silikoni kwenye kifuniko iwe uzi mwembamba usiokatika. Inayofurika ndani huishia kwenye beringi.

Rudisha difu, gari likae usawa, jaza oili hadi ianze kuchuruzika tundu la kujazia. Zibua na bomba la kupumulia juu ya difu. Likiziba, joto litasukuma oili kupitia sili mpya na utazilaumu bure.

7. Kuzoeza pleti

Tafuta uwanja mtupu. Endesha umbo la namba nane kwa gia ya kwanza, mwendo wa kutembea haraka, dakika 20 hadi 30, ukikanyaga na kuachia mafuta taratibu. Acha ipoe, mwaga oili, weka mpya. Ute wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili ni wa kawaida. Vipande vinavyochoma kidole si vya kawaida, fungua difu.

Helikali haihitaji hatua hii.

Ikigoma

Mlio unaopanda na mwendo ukiwa umekanyaga mafuta ni alama ya meno isiyokaa sawa, rudi hatua ya 5. Mgurumo usiojali kukanyaga wala kuachia ni beringi. Kugonga na kutetema kwenye kona za polepole kwa LSD ya pleti ni oili: jaribu 75W-140 ya LSD, au ongeza dawa ya msuguano kwa kipimo cha mtengenezaji. Dawa ikizidi, pleti huteleza na umelipia difu ya kawaida.

Tairi za nyuma ziwe za saizi moja na ziishe sawa, la sivyo LSD inafanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka. Na usiwashe gari kwenye gia likiwa na tairi moja la nyuma juu ya jeki na jingine chini. Kwa difu ya kawaida tairi la hewani lingezunguka tu. Kwa LSD lile la chini linashika, na gari linaruka kutoka kwenye jeki.