Kumjengea Mtoto Uelewa wa Idadi kwa Kokoto na Trei ya Mayai

Katika vituo vingi vya kulelea watoto mchana, iwe Igoma au Kayenze mkoani Mwanza, mtoto anayetamka moja hadi ishirini bila kukwama hupigiwa makofi na kuonekana ameiva kwa darasa la awali. Mtoto huyo huyo akiombwa kuleta vikombe vinne, mara nyingi huzoa vyote anavyoweza kubeba. Hilo si uzembe wala utukutu. Kutamka namba kwa mfululizo ni kukariri kama wimbo, ilhali kujua idadi ni uelewa unaojengwa polepole kwa mikono, macho na mazungumzo. Hatua zifuatazo ni za walezi na wazazi wenye watoto wa miaka minne na mitano, na hazihitaji kifaa cha kununua dukani.

Hatua ya kwanza: andaa vifaa. Tafuta kokoto kumi zenye ukubwa wa ndimu, magunzi makavu, na trei ya mayai iliyokwisha kutumika. Mbegu na vijiwe vidogo visitumike mahali penye wadogo zao, kwa kuwa humezwa kwa urahisi na kuwapalia. Kokoto zichukuliwe nchi kavu, na watoto wasitumwe kuziokota majini, kwa sababu vimelea vya kichocho vinavyotoka kwa konokono wa ziwani hupenya kwenye ngozi, mbali na hatari ya kuzama. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, inauweka ujifunzaji wa awali sambamba na ulinzi na usalama, na kwetu sisi wa mwambao wa Ziwa Victoria mambo hayo hayatenganishiki hata kwa siku moja.

Hatua ya pili: mfahamu mtoto alipo. Kaa naye mkekani, weka kokoto zote mbele yake na umwambie, “Nipe moja.” Zirudishe, kisha omba mbili, halafu tatu, halafu nne. Kwa kawaida mtoto huelewa maana ya moja kwanza, baadaye mbili, kisha tatu, na kati ya ngazi moja na nyingine inaweza kupita miezi. Andika alipokomea, na uanzie hapo.

Hatua ya tatu: linganisha kabla ya kuhesabu. Mpe sahani nne na magunzi matatu, mwambie kila gunzi ni sato, na kila sahani ipate sato mmoja. Muulize nani amekosa.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha kazi yote, wala isiharakishwe. Panga kokoto tano kwa mstari, na mtoto aisogeze kila moja kwa kidole huku akitaja namba yake. Atakayeruka moja au kugusa nyingine mara mbili asikatizwe kwa ukali. Mwekee kidole chako juu ya chake na mwanze upya pamoja. Akishafika tano, zifunike kwa kiganja na umuulize, “Ziko ngapi?” Anayejibu, “Ziko tano, Mwalimu,” ameshaelewa kwamba namba ya mwisho ndiyo jina la kundi zima. Anayetaka kukufunua kiganja ili ahesabu tena hajafika hapo, na dawa yake ni kurudia kwa kokoto chache zaidi. Baadaye zitawanye mbele yake na umuulize kama zimeongezeka. Wengi wa umri huu watasema ndiyo, kama mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi alivyoonyesha karne iliyopita. Usimbishie, mwache ahesabu mwenyewe.

Mtoto anayezungumza Kisukuma au Kikerewe nyumbani aruhusiwe kuhesabu kwa lugha hiyo kwanza. Akiielewa tano kwa lugha ya mama yake, kwa Kiswahili atabakiza kujifunza jina lake tu.

Hatua ya tano: kata trei ya mayai upate safu mbili za vishimo vitano vitano. Mtoto ajaze safu ya juu kabla ya kuingia ya chini, ili saba aione kuwa ni safu kamili na mbili, bila kurudi kuanza moja.

Hatua ya sita: tarakimu zije mwisho. Achore kwa kidole mchangani, kwani misuli ya vidole vyake bado haijakomaa kwa penseli.

Kila kipindi kisizidi dakika kumi na tano, kwa watoto wanne au watano pamoja. Ikiwa baada ya majuma kadhaa mtoto bado hajaelewa hata maana ya moja, au haitiki anapoitwa kutoka nyuma yake, mshauri mzazi ampeleke zahanati akapimwe masikio, kabla mtu yeyote hajamwita mzito wa kuelewa.