Somo: Kukokotoa ukolezi wa mmumunyo, kuanzia mizani hadi alama ya flaski

Kila mwaka, shule za hapa Kisumu zinapojiandaa kwa mtihani wa vitendo wa kemia, mimi huulizwa swali lile lile kwa sura mbalimbali: hesabu imetoka sawa daftarini, lakini bureti, yaani mrija wenye alama wa kudondoshea na kupimia asidi, inatoa jibu jingine. Kwa miaka niliyotumikia maabara nimeona kwamba kanuni yenyewe ni nyepesi na wengi wameikariri. Kinachowaangusha ni mambo mawili: kutojua hasa kilichomo ndani ya mkebe, na kuchanganya ujazo wa maji waliyotia na ujazo wa mmumunyo walioupata.

Hatua ya kwanza: tambua unachotafuta

Ukolezi ni kiasi cha kitu kilichoyeyuka ndani ya ujazo fulani wa mmumunyo. Ukipima kwa gramu, utasema gramu kwa lita. Ukipima kwa moli, yaani kipimo cha idadi ya chembe za kitu, utasema moli kwa lita. Daraja kati ya vipimo hivi viwili ni tungamo la moli moja, yaani uzito wake kwa gramu: gramu kwa lita ukizigawanya kwa tungamo hilo unapata moli kwa lita. Mililita zigeuzwe kuwa lita kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu atakayesahau kugawanya kwa 1000 atapata jibu la ajabu na pengine asilitilie shaka.

Hatua ya pili: soma lebo ya mkebe

Hapa nitakaa kidogo. Sodiamu kaboneti huuzwa ikiwa unga mkavu, ambao moli yake moja ni gramu 106, na pia ikiwa fuwele zilizobeba molekuli kumi za maji, ambazo moli yake moja ni gramu 286. Majina yanafanana na rangi zote ni nyeupe. Wakati mmoja niliombwa nichunguze kwa nini darasa zima, lililokuwa likipima mililita 25 za kaboneti kwa asidi ya haidrokloriki ya moli 0.2 kwa lita, lilikuwa likisoma mililita 9.3 kwenye bureti badala ya 25. Wanafunzi walikuwa wameshakemewa kwa uzembe. Kumbe aliyeandaa mmumunyo alipima fuwele zenye maji kwa hesabu ya unga mkavu, kwa hiyo badala ya moli 0.1 kwa lita alipata kama 0.037. Wanafunzi walikuwa wamepima vizuri kuliko mkubwa wao.

Hatua ya tatu: kokotoa gramu

Tuseme unataka mililita 250 za sodiamu kaboneti yenye moli 0.1 kwa lita. Zidisha ukolezi kwa ujazo, yaani 0.1 × 0.25, upate moli 0.025, kisha zidisha kwa 106, upate gramu 2.65. Kama ulicho nacho ni fuwele zenye maji, zidisha kwa 286, na mizani isome gramu 7.15.

Hatua ya nne: yeyusha, halafu ujaze

Yeyusha unga ndani ya bika kwa maji yaliyokenekwa kama mililita 100, uuache mmumunyo upoe, kisha uumimine kwenye flaski ya ujazo ya mililita 250. Suuza bika mara mbili au tatu na maji hayo ya suuza uyatie humo humo, kwa kuwa yamebeba sehemu ya kile ulichokipima. Jaza maji mpaka sehemu ya chini ya mbonyeo wa uso wa mmumunyo iguse alama ya shingoni, jicho lako likiwa usawa wa alama. Usipime mililita 250 za maji kando ukazimimina juu ya unga, maana kinachohesabiwa ni ujazo wa mmumunyo uliokamilika.

Hatua ya tano: kuzimua asidi kali

Asidi ya haidrokloriki ya dukani mara nyingi huwa ya asilimia 37 kwa uzito, na lita moja yake ina uzito wa gramu 1180 hivi. Asilimia 37 ya 1180 ni gramu 436.6, ambazo zikigawanywa kwa 36.5, tungamo la moli moja ya asidi hiyo, zinatoa karibu moli 12 kwa lita. Kuzimua, yaani kupunguza ukolezi kwa maji, hakubadilishi idadi ya moli, kwa hiyo ukolezi wa mwanzo mara ujazo wa mwanzo ni sawa na ukolezi wa mwisho mara ujazo wa mwisho. Ukitaka mililita 500 za moli 2 kwa lita, chukua 2 × 500 ÷ 12, yaani mililita 83.3 za asidi. Tia asidi kwenye maji, wala usitie maji kwenye asidi, na ufanyie kazi hiyo penye hewa ya kutosha.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kakamega: Mwalimu, kwetu magadi ya kupikia mboga yanapatikana sokoni kwa bei nafuu. Je, hayawezi kutumika badala ya kaboneti ya maabara?

Jibu: Kwa kulainisha mrenda yanafaa, kwa hesabu hapana. Magadi ya asili ni mchanganyiko wa kaboneti, baikaboneti na maji, na hata yangekuwa safi kabisa moli yake moja ingekuwa gramu 226. Ya sokoni yana udongo na chumvi nyingine pia, hivyo gramu unazopima hazikuambii una moli ngapi.

Mwanachama wa Ahero: Nimepima vidonge vya sodiamu haidroksaidi gramu 4 sawasawa, nikatengeneza lita moja, lakini ukolezi haufiki 0.1. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea hesabu. Vidonge hivyo hunyonya unyevu na kaboni dayoksaidi hewani, na kwa hewa yetu ya kando ya ziwa huanza kulowa ukiwa bado unavipima. Tengeneza mmumunyo wa kukadiria, kisha uupime kwa asidi ambayo ukolezi wake unaujua.

Mwanachama wa Kisumu: Dawa ya klorini imeandikwa asilimia 3.5, nami nataka asilimia 0.5 ya kusafishia sakafu. Nimegawanya nikapata 7. Je, nitie vikombe saba vya maji?

Jibu: Saba ni jumla ya vikombe, si maji peke yake. Kikombe kimoja cha dawa na sita vya maji. Usiichanganye na asidi yoyote, kwani hutoa gesi ya klorini.

Mwanachama wa Bahati, Nakuru: Maji ya kisima chetu yamepimwa, yana floraidi miligramu 4 kwa lita. Hiyo ni moli ngapi, na tukichemsha itapungua?

Jibu: Gramu 0.004 ukigawanya kwa 19, tungamo la moli moja ya floraidi, ni kama moli 0.00021 kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5, na meno ya kahawia yanayoonekana sehemu nyingi za Bonde la Ufa hutokana na floraidi kuzidi hapo. Maji safi ya mvua yana floraidi kidogo mno, kwa hiyo ukichanganya lita moja ya kisima na lita 1.7 za mvua utafika chini kidogo ya kikomo. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi haipai na mvuke: lita moja ikipungua hadi mililita 800, miligramu zile 4 bado zimo, na ukolezi umepanda hadi 5 kwa lita.